Kiti cha Nyuma

Unguja Mjini, Jumatatu, 1 Agosti 1955

Mwaka wa thelathini na tisa tangu niteremke milima ya Usambara na mzigo wa Wajerumani kichwani. Kahawa barazani kama kawaida. Kisha kupanga nguo. Daktari, Mwingereza niliyemfanyia ukarani, anakwenda huko huko likizo kurusha ndege isiyo na injini. Ananichukua kwa kuwa najua lugha ya huko. Ndege ina kiti kimoja cha nyuma. Kaniahidi. Nitakiona kijiji chetu kutoka juu, bila kumtazama mtu usoni.

Badru anakuja pia. Ni ndugu wa mke wangu, dereva wa Daktari. Bora angebaki.

Milimani, Ijumaa, 5 Agosti

Ukungu. Halafu jua. Halafu mvua, jua likiwa bado linawaka. Ndege imefunikwa turubai. Badru hajapata kuona kilima kikubwa kuliko Masingini ya Unguja, na leo anauliza jina la kila mlima. Namjibu nusu nusu. Milima hii ni yangu.

Jumamosi, 6 Agosti

Kumekucha kweupe. Daktari kanitazama tumbo, kasema kiti kinataka mtu mwepesi.

Badru akacheka. "Shemeji, ubwabwa wa dada'angu ushakuponza."

Akapanda yeye. Gari likaivuta ndege kwa kamba mpaka ikanyanyuka, ikaenda kimya kama mwewe. Nilimchukia. Niliomba upepo ufe. Alasiri ukungu ukapanda kutoka bondeni. Hawajarudi. Sasa naomba kinyume chake, lakini si kwa moyo wote.

Jumapili, 7 Agosti

Wamerudi, wazima wote wawili. Upepo uliwaishia, wakatua kwenye shamba la mahindi chini ya jabali lililopasuka. Nalijua jabali hilo. Ndiko kwetu.

Wamelala kwa bibi mmoja mjane. Kawapa ndizi na maziwa, kampa Badru shuka lake mwenyewe, kamwita mwanangu.

"Nikamwambia, Bi, nna shemeji mzaliwa wa huku, Hamadi. Kasema hapajapata kuwa na Hamadi hapa. Wamekuruka, shemeji." Akacheka tena. "Yeye ana kaka yake, Singano, kachukuliwa na vita. Washamlilia, washamnyolea nywele za matanga."

Singano ni mimi. Jina la Hamadi nilipewa Unguja niliposilimu, na lile la kwanza sikumtajia mtu, hata mke wangu. Nilichoka kuitwa mtu wa bara.

Bibi yule ni dada yangu. Sijui shuka lake lina rangi gani. Badru anajua.

Jumatatu, 8 Agosti

Kijiji ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Daktari kaniruhusu. Nikavaa viatu. Mvua ikaja. Ikakatika, njia ikawa nyeupe hadi ng'ambo ya bonde. Nikavua viatu.

Ningebisha hodi kwa jina lipi? La mtu wasiyemjua, au la mtu waliyekwisha kumzika?

Unguja Mjini, Ijumaa, 12 Agosti

Baada ya sala, wali wa nazi. Badru yuko barazani anahadithia mawingu, jabali, bibi aliyemlaza. Anaiga sauti yake. Anaiga vizuri, nadhani. Nimesogea dirishani nisikie.

Jirani akaniona. "Mzee Hamadi, teremka."

"Naam," nikaitika, upesi, kama niliyezaliwa na jina hilo.

Sitarudi kwetu.