Mzee Simiyu Anaangukia Kushoto

Jumatatu, 1 Julai 1991

Wagonjwa sita wa mazoezi ya viungo kabla ya saa nne. Kitale ina baridi kali mwezi huu, na kila anayepimwa lazima avue viatu. Wananichukia. Nawaelewa.

Wa mwisho Mzee Simiyu, fundi wa mbao kutoka Moi's Bridge. Alianguka kutoka paa la kanisa akipigilia mabati, akalala siku tisa bila fahamu. Leo amesimama miguu pamoja, macho amefumba, sekunde ishirini na mbili. Wiki jana zilikuwa nane. Nilikaa karibu, upande wake wa kulia, mikono tayari kumdaka. Hakunihitaji. Akifika thelathini daktari atamruhusu kwenda nyumbani.

Nampenda huyu mzee. Anaitania saa yangu, ati ikimwona inatembea pole pole.

Jumatano, 3 Julai

Barasa ametoka Bungoma kwa shughuli za shule yake, akanipitia kazini saa kumi. Miezi saba ya ndoa na bado naona haya akinisubiri nje ya dirisha, wagonjwa wakichungulia. Mzee Simiyu alimtazama sana, akaniuliza huyo ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina la marehemu baba mkwe, na kijiji, kwa majivuno kidogo.

Akaomba arudi kitandani. Amechoka, nadhani.

Alhamisi, 4 Julai

Sekunde tisa. Ameyumba kushoto. Hakunitania.

Ijumaa, 5 Julai

Sita. Kushoto tena. Nilipomshika kiunoni asianguke alitetemeka mwili mzima. Jasho linamtoka na baridi yote hii. Hanitazami usoni.

Daktari anasema huenda damu inavuja tena kichwani. Asipopata nafuu kufikia Jumatatu atapelekwa Nairobi akapasuliwe. Mzee wa miaka sitini na nne. Wengine wanaopelekwa hawarudi.

Nimelia chooni. Mtaalamu mzima.

Jumamosi, 6 Julai

Si zamu yangu, lakini nimeenda. Nilijaribu kusimama upande wake wa kushoto, nimzuie huko anakoangukia. Akaangukia kulia. Nikaandika: anapoteza mizani pande zote mbili. Daktari akasoma, akatikisa kichwa. Barua ya Nairobi iko tayari, inangoja sahihi tu.

Naogopa. Pia nina hasira, na sijui namkasirikia nani.

Jumapili, 7 Julai

Bungoma, kwa mama mkwe. Hata chai sikuigusa, naye akaona. Nikamwambia kuna mzee mmoja, fundi wa Moi's Bridge, kila siku namshika asianguke na kila siku anazidi kuanguka.

Akaacha kusonga ugali. "Si yule Simiyu arianguka kanisani? Ati unamshika? Huyo ni baba mkwe wako bana. Baba yake na baba ya mzee wangu ni ndugu. Unamshika wapi?"

Nikasema kiunoni. Mama akakaa chini.

Nimezaliwa Kimilili, katika mila hizi hizi, sihitaji wa kunifundisha jambo hili. Baba mkwe humgusi. Humkaribii. Mkikutana njiani unampisha. Na ndugu za baba mkwe wote ni baba mkwe. Sikujua tu kwamba ni yeye. Alihamia Moi's Bridge zamani, na harusini hakuwako. Yeye amejua tangu Jumatano, mimi mwenyewe nikimtajia majina. Angeniambiaje? Hata kulitamka ni aibu. Basi kila siku anafumba macho, anasikia nimemkaribia, anasogea. Mimi nazidi kumfuata na mikono yangu.

Mzee wa watu alikuwa ananikimbia. Nikisimama kulia anaenda kushoto, nikisimama kushoto anaenda kulia. Mtoto wa darasa la pili angeona. Mimi na diploma yangu nimeandika kwamba anaanguka.

Labda. Na kama nimekosea tena, na damu kweli inavuja? Kesho nipime kabla daktari hajatia sahihi.

Jumatatu, 8 Julai

Nilifika saa moja kasoro. Nikamwomba Kiprotich, mhudumu wa wodi, asimame nyuma ya mzee mikono tayari. Mimi nikaweka kiti nje ya mlango, mgongo nimewapa, saa mkononi, nikahesabu kwa sauti. Kiprotich akiona anayumba aniambie.

Kumi. Kimya. Ishirini. Nikatamani kugeuka, sikugeuka. Thelathini, nikasita.

"Endelea tu, sista," Kiprotich akasema. "Huyu ako sawa."

Nikaishia hamsini. Si kwamba mzee alichoka. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea.

Daktari si mtu wa huku. Ilibidi nimweleze tangu mwanzo: ndoa, ukoo, kiuno. Sijawahi kuona aibu hivyo kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akaenda kupima mwenyewe. Macho, mikono, kusimama, kutembea juu ya mstari wa chaki. Alirudi saa nane, akachana barua. Akasema tumchunge siku tatu zaidi.

Nimekula sahani mbili za githeri.

Jumatano, 10 Julai

Kiprotich anampima, nami nahesabu nikiwa nje. Leo mzee alisema kwa sauti, kama anaongea na ukuta, kwamba saa ya hospitali hii imeanza kuchangamka.

Alhamisi, 11 Julai

Ameruhusiwa.

Nilikuwa natoka stoo nimebeba mito, nikawaona wanakuja kwenye korido, yeye na mkewe. Nikajibanza ukutani, nikainamisha macho. Wakapita upande wa pili. Nikadhani ndiyo basi.

Karibu na mlango hatua zikasimama. Nikasikia anageuka. Mkewe akamwambia amshike mkono, akakataa.

"Asante, mtoto wangu," akasema kutoka kule. "Sarimia Barasa."

"Nitamsalimia, baba."

Sikuinua macho. Niliona viatu vyake tu, vyeusi, vimepakwa rangi vizuri, katikati ya korido, mbali na ukuta. Vilikuwa vimetulia.