Kitambaa Changu cha Kijani na Roketi Yako

Baba Mmbone,

Mimi ni mzima, usiulize. Ng'ombe amezaa. Kiti chako hakuna anayekikalia, hata padre nilimwonyesha kingine.

Sasa nikugombeze.

Baada ya kukuzika, wazee waliketi uani kugawa vitu vyako, kama inavyofanywanga. Ndugu yako Shamala akachukua koti, na linamkaa vibaya. Mashati yakaenda, gambuti za shambani zikaenda. Ikabaki ile roketi ya mwisho uliyoiunda kwa karatasi ngumu, ukafa kabla hujairusha. Hakuna aliyeitaka. Shamala akasema, "Hiyo itiwe motoni, shemeji. Mtu mzima hachezi na fataki." Nikaichukua nikaipakata kama mtoto. Nikamwambia, "Koti umepata. Nyamaza."

Si kwamba nilikuwa naipenda. Haya yote yaliletwa na kile kitabu kisicho na jalada ulichonunua sokoni Khayega, hadithi ya watu wanaolima kwenye nyota. Ulinisomeanga mvua ikinyesha, ukigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, mimi nikipukuchua mahindi na kukuuliza nani anapika ndani ya hicho chombo. Hukunijibu hata siku moja. Lakini ukiruka ukurasa nilikushika, sivyo?

Halafu ukaanza kuunda roketi zako. Ya kwanza nilikuwekea darini juu ya meko, pale tunapowekanga mbegu, wadudu wasiiguse. Moshi ukaipinda. Siku ya kuirusha ikaenda upande, ikafukuza jogoo wetu mpaka kwa jirani. Ulicheka ukakaa chini. "Mama Mmbone, umekausha roketi kama mbegu! Ulitaka iote?"

Hii ya mwisho niliiweka chini ya kitanda. Nimejifunza.

Jumamosi Mmbone alikuja, tukaipeleka pale miwa ilipokatwa. Mwavuli wa kuishusha ulikuwa umeshaukunja ndani ya roketi wewe mwenyewe, hatukuugusa. Mmbone akatia baruti, akaunga nyaya kwenye betri, mimi nikabonyeza kitufe. Shamala naye alikuwepo na koti lako, akijifanya anapita tu.

Ikapanda, Baba Mmbone. Wima! Kiatu kilinitoka na sikujua. Huko juu ikalia pu, mwavuli ukafunguka, ikaanza kushuka polepole.

Mwavuli wa kijani. Wenye maua ya njano.

Kitambaa changu cha kanisa! Kile cha kufunga kichwani, nilichotafuta boma zima, mpaka nikampiga mbuzi wa Shamala nikidhani amekila. Na wewe ulisimama palepale ukasema, "Mpige tena, ana macho ya wizi." Kumbe mwizi nilikuwa namsongea obusuma kila siku.

Nilicheka mpaka Mmbone akadhani nalia. Halafu nikalia kweli. Ee, wewe mzee.

Mbuzi nimempelekea maganda ya ndizi. Shamala ananiuliza tutarusha tena lini. Nimemwambia miwa ikikatwa tena, na avue hilo koti kwanza, linanichanganya akiwa mbali.

Kitambaa sikifungui kwenye roketi. Kanisani nitafunga kingine. Hicho nitakirusha mimi mwenyewe, kila miwa ikikatwa, mpaka vidole vikatae kubonyeza.

Haya, lala. Na siku nitakayokuja huko, usinianzie habari za nyota. Anza na kitambaa.

Mama Mmbone wako