Nilihesabu Sauti, Sikuhesabu Vichwa

Mpendwa mshauri, nisaidie upesi maana Ijumaa inakuja na usingizi sipati. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, miaka kumi na tisa kazini, na mwezi uliopita nilipewa heshima ya kuwapeleka wanafunzi kumi na wawili kutembelea chuo kikuu ng'ambo, nami kwa kuogopa kupoteza mtoto wa watu nikampa kila mmoja namba, nikisema "Hesabu!" wanaitika moja, mbili, hadi kumi na mbili, halafu mimi namalizia "Kumi na tatu!", tukafanya hivyo uwanja wa ndege, kwenye basi, hata mlangoni mwa vyoo, na mambo yakaenda vizuri mpaka Jumatano mchana tulipoingia maktaba ya chuo, watoto wakaitika kwa sauti zao zote, mkutubi akatoka mbio kidole mdomoni, kwa hiyo nikaamuru tuhesabu kwa kunong'ona, na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu mnong'ono wa mtoto mmoja na wa mwingine nani atautofautisha?

Tulikaa humo saa tatu nzima, mimi nimezama kwenye kitabu kinene cha jiometri, nikahesabu mara sita bila kuinua kichwa, mara zote wametimia, kumbe namba nane alikuwa anaitika mara mbili. Tulipotoka kupanda basi nikamwona namba tisa, binti wa mwaka wa mwisho ambaye darasani kwangu hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni huona haya, anatokea jengo la pili, mikono imejaa udongo, ameongozana na mama wa makamo aliyevaa mabuti ya mvua, wanacheka, nikamgeukia namba nane, "Mbona namba tisa yuko kule, na sasa hivi ameniitikia mle ndani?" akanijibu bila wasiwasi, "Samahani mwalimu, nilikuwa namsaidia kuitika."

Yule mama ni mhadhiri wa somo la udongo, na mtoto alikuwa amechungulia dirishani kwake, akaona mabonge ya udongo mezani, akaingia akakaa kiti cha nyuma, mhadhiri akauliza kwa nini bonge moja limepasuka na jingine zima, namba tisa akanyoosha kidole akaeleza yote, maana mama yake ni mfinyanzi na kazi hiyo amekulia ndani yake. Sasa mhadhiri ameniandikia kwamba anataka binti aombe nafasi chuoni kwao, na barua yake hiyo ya kumsifu iende pamoja na yangu ya kumpendekeza na saini ya mkuu wetu wa shule, mwisho Ijumaa, lakini ameandika waziwazi kwamba binti "alikaa darasani kwangu Jumatano mchana kwa saa tatu", na mimi kwenye ripoti, ambayo mkuu aliisifu mbele ya walimu wote, niliandika kwamba Jumatano mchana hakuna mtoto aliyetoka machoni pangu. Nikiipeleka kwa mkuu aweke saini naumbuka, nisipoipeleka namba tisa anakosa nafasi, na mke wangu hanisaidii, anacheka tu: "Baba nanihii, hisabati yote hiyo na kumi na mbili imekushinda?" Nimefikiria kumwomba mhadhiri aifute ile sentensi moja. Nifanyeje?

Mwalimu Namba Kumi na Tatu

*

Mwalimu wangu, nimecheka hadi jirani yangu wa meza kaja kuuliza kulikoni. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri nikugombeze.

Pole kwa hofu. Kubeba watoto wa watu ugenini si mchezo. Lakini mara sita, mwalimu! Mara sita hukuinua hata jicho, jiometri imekunogea! Shukuru alikuwa kwenye udongo, la sivyo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa. Halafu ukaenda kuandika uongo na kupokea sifa zake. Na hilo la kumwomba mhadhiri afute sentensi, liache hapo hapo, usilitamke tena hata kwa mkeo.

Hivi watoto uliwapeleka chuo kikuu ili iweje? Mmoja kaona darasa, kalitamani, kaingia, kajibu swali. Safari yako imefanikiwa kuliko ulivyoripoti, na wewe unaificha kama sufuria iliyoungua!

Andika barua ya kumpendekeza leo. Usiseme ni mtiifu, maana mtiifu huyo alikutoroka. Andika la udongo. Kesho kabla ya kengele ingia kwa mkuu na barua zote mbili, usianze na habari za nyumbani, sema: "Ripoti yangu ina uongo, nimekuja kuurekebisha." Atakukaripia. Pengine safari ijayo atampa mwalimu wa michezo. Vumilia, na usitoke bila saini. Ukitoka hapo nenda kwa mama mfinyanzi umwombe radhi, kisha umwambie kazi ya mikono yake imezungumzwa chuo kikuu. Namba nane na tisa wape adhabu, wafute madirisha yote ya darasa, maana kutoroka ugenini ni hatari.

Namba tisa alikuwa na namba nane wa kumwitikia. Wewe kumi na tatu huna mtu. Mkuu akiuliza nani alikuwa na watoto Jumatano mchana, itika mwenyewe, na usinong'one.