Wimbo wa Aliyechoka

Mpendwa Nekesa,

Huku mtaani Jericho tu wazima, na shangazi yako Rasoa anakusalimu. Umesema huko ghalani unakofanya kazi mashine ndiyo inawaharakisha na vifurushi, ukauliza sisi tuliwezaje kule kiwandani Baba Dogo miaka ya tisini.

Tulisimama kwa mstari tukipokezana katoni, tukiimba. Aliyeangusha alifukuzwa. Mikono ilifuata wimbo, na aliyechoka ndiye aliyeuchagua. Siku moja, nikiwa na mimba ya Rasoa, nilianzisha wimbo wa mazishi. Wote wakauitikia polepole, katoni zikapita kama ndotoni. Msimamizi alifoka, halafu naye akaanza kuitikia.

Hadi leo nikisinzia, mikono hunyooka yenyewe kupokea.

Kwenu huko, mjukuu wangu, anayechoka humwambia nani?

Ni mimi nyanyako,
Mama Rasoa