Wembe wa Baba Uliouagiza

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu za moyo. Hamjambo wewe na wifi yangu? Watoto wanaendeleaje, na yule wa mwisho ameacha kukohoa? Huku sisi wazima. Baba anakula vizuri, ila mikono inamtetemeka, hata kikombe anakishika kwa yote miwili.

Nakuandikia kuhusu ule wembe wake wa kukunja uliouagiza. Uliposema kwenye simu kwamba unautaka uwe kumbukumbu, Baba alijibu palepale kwa jina lako la utani, "Ni wake. Mkono Mwepesi ndiye aliyerithi ukinyozi wangu." Kisha akanigeukia: "We mama, usafishe, umpelekee." Nikasema sawa, Baba. Lakini roho iliniuma, sikufichi. Mimi ninayemkata kucha na kumpashia maji ya kuoga, leo nimekuwa tarishi wa urithi wako!

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nikainama. Niliukuta ndani ya lile sanduku lake la bati la vifaa, umeshika kutu hata haufunguki. Nikautia mafuta ya cherehani kwenye kiungo, nikauacha ulale. Kesho yake ukalegea. Kutu niliisugua kwa msasa laini na maji, polepole, na kwa wivu niliokuwa nao ningeweza kung'arisha sufuria za mtaa mzima.

Kunoa ndiko kulikonitoa jasho. Mimi fundi wa nguo, najua mikasi. Wembe Baba alikufundisha wewe, mimi nikapewa ufagio nizoe nywele. Nikauinamisha kwenye jiwe kama kisu cha jikoni. Baba alikuwa kitini, amenipa mgongo, akausikia ule mkwaruzo. "Unachinja jiwe? Ulaze! Mgongo na makali viguse pamoja." Nilipoulaza, mlio ukabadilika.

Kwenye mkanda wa ngozi wa kulainishia makali nikaharibu tena. Nilitanguliza makali, mkanda ukachanika. Kumbe unatanguliza mgongo, makali yanafuata nyuma. Baba alicheka mbavu zikamuuma, kisha akasema, "Mdogo wako hakuwahi kuukata." Hapo nusura niutupe chooni, wembe pamoja na sifa zako.

Sikuutupa. Kila nikimaliza kushona nilirudi kwenye jiwe, kisha kwenye mkanda, mpaka unywele ukawa unakatika kwa kuguswa tu.

Jana nikatandika kitambaa niufunge, nimpe dereva wa basi akuletee. Baba akajipapasa kidevu. "Utampelekea kitu hujakijaribu?" Nikamuuliza nikijaribu kwa nani. Akainua shingo.

Nilipiga moyo konde, nikampaka povu. Unakumbuka alivyokuwa akikushika kifundo cha mkono ukimnyoa, hakuachii mpaka umalize? Mwenyewe ulikuwa ukinung'unika. Hata wale vinyozi wenzake wa zamani aliwashika vivyo hivyo. Basi nikavuta ngozi ya shavu, nikasubiri anishike.

Hakunishika. Mikono yake ilikuwa mapajani, inatetemeka yenyewe huko, na macho ameyafumba. Nilipofika kooni alikuwa anakoroma.

Hakutoka damu hata tone. Alipoamka alipitisha kiganja shavuni, akasema, "Ijumaa tena." Jina lako hakulitaja, na mimi sikumkumbusha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wembe haupandi basi. Nimemwambia Baba, wala hakubisha. Asiyekuwepo na lake halipo. Najua utanuna, na nuna tu, ni zamu yako. Mimi nimekula wivu miaka yote hii na sijafa.

Nisalimie wifi sana, na wanangu wote mmoja mmoja. Mama mdogo anakusalimu, na jirani yetu fundi viatu anauliza kama bado unapiga mluzi ukifanya kazi. Mungu akufunike huko uliko, akupe afya na riziki isiyo na masimango.

Akupendaye, pamoja na kijicho chake chote,
Dada yako,
Sindano.