Hiyo Zipu Ifumue

Mama,

Asubuhi nilipoingia uligeuza uso, lakini nimeona. Unamshonea mdogo wangu zipu ya suruali ya mteja, mwenyewe anakoroma! Mimi kola yangu ya kwanza ulinifumulisha mpaka nikalia, ukaniambia, “Sindano haina mama.” Kumbe kwake inaye! Wivu ninao, sikatai. Ila leo mimi nina wateja, yeye ana wewe tu. Fundi mzima na ndevu zake, hajui kutia zipu.

Maharage yako jikoni, chumvi bado. ~~Chai yake iko kwenye chupa.~~ Nimeimwaga, achemshe mwenyewe.

Mteja anakuja mchana. Ifumue hiyo zipu sasa hivi, mwamshe, mpe sindano, kisha toka chumbani.

Kifungua mimba wako