Radi ni baba ya Neema

Bunia, siku ya yenga (Jumapili), usiku

Haiwezekani. Radi, ule mutu niko nacheza naye mupira ku telefone kila magaribi, ni baba ya Neema, muchumba wangu!

Sikuwahi kumuona. Nilijua tu sauti yake ku mikro na jina lake la muchezo, Radi. Nikimufunga, analalamika na neno yake ya kwao kijijini: «Mungu wa Gety, unaona?» Na mi namutukana kabisa. Juma iliyopita tuligombana hata juu ya politike. Nilimuambia wazee kama yeye ndio wameharibisha inchi hii, aende alale.

Leo nimeenda kwao, mutaa wa Saio, Neema anijulishe kwa wazazi. Nimekaa vizuri, macho chini, sigusi chakula mbele ya baba mukwe, vile desturi inaomba. Muzee akamwaga chai ku suruali yake.

«Mungu wa Gety, unaona?»

Sauti ya Radi! Nikaruka ku kiti. Neema akaniuliza: «Uko mugonjwa?» Nikatingisha kichwa tu. Nikifungua kinywa, atajua sauti yangu. Mutu amekuja kuomba binti, na hasemi! Mama yake akafurahi: «Huyu iko na heshima sana.»

Heshima gani! Ni woga.

Wakati wa kuaga, ilibidi niseme. «Asante, baba.» Muzee akaniangalia, akafunga mulango. Tangu pale sijameza hata maji. Na kama atakataa…

Sasa hivi telefone imelia. Radi ananiita ku mechi. Ameandika:

«Muzee mwenye kuharibisha inchi hajalala bado. Ingia tucheze, mukwe.»